Uchumi wa Nini kwa Mwalimu wa Watoto Wadogo?

Msimu wa kuomba vyuo ukifika, orodha za kozi huzaa maswali mengi kuliko majibu. Mtu ameomba kusomea elimu ya awali, amekubaliwa, anafungua ratiba ya mwaka wa kwanza na kukuta Makuzi ya Mtoto, Misingi ya Ualimu, na katikati yake Kanuni za Uchumi. Anashtuka. Wengine hudhani ofisi ya usajili imechanganya majina. Mzazi naye, ambaye tangu mwanzo hakuipenda habari ya "kusomea kulea watoto", anapata hoja mpya: kama ni kucheza na watoto, uchumi wa nini? Na kama ni uchumi, si bora kijana akasomee mambo ya benki moja kwa moja?

Swali lake si la kijinga. Majina ya kozi huandikwa na watu wa idara kwa ajili ya watu wa idara, na yakimfikia mwombaji huwa yamebaki maneno mawili matatu yasiyoeleza kitu. Ukiyachunguza, hata hivyo, utaona kozi hizo tatu zinazunguka jambo moja ambalo kila mwalimu wa watoto wadogo hulikuta siku ya kwanza kazini: watoto ni wengi, mtu mzima ni mmoja, na muda hautoshi.

Tuanze na maneno yenyewe. Mitaani mtu husema "nasoma kozi ya ualimu" akimaanisha masomo yote hadi anahitimu. Katika nyaraka za chuo, kozi ni somo moja linalofundishwa kwa muhula mmoja, lenye mhadhiri wake, kazi zake na mtihani wake. Kozi nyingi zikipangwa pamoja huwa programu, na programu ikikamilika ndiyo hutoa astashahada, stashahada au shahada. Kozi ni tofali, programu ni nyumba. Kila tofali lina uzito wake, unaohesabiwa kwa krediti, na krediti hizo ndizo zinazoamua kama umefikisha kiwango cha kuhitimu. Kuna kozi za lazima, kuna za kuchagua, na kuna zenye sharti la kutangulia, yaani huwezi kuziingia kabla ya kufaulu nyingine. Namba inayofuata jina nayo ina kazi: katika vyuo vingi, namba inayoanza na 1 huonyesha kozi ya ngazi ya kuingilia, isiyodai kwamba unajua chochote cha somo hilo.

Neno jingine la kuliweka sawa ni "awali" lenyewe. Wengi wakisikia elimu ya awali huona chekechea: watoto wa miaka 3 hadi 6 na nyimbo za kuhesabu. Taaluma inachukua eneo pana zaidi. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika maelezo yake ya mwaka 2005, ilihesabu utoto wa awali kuwa kipindi chote kilicho chini ya miaka 8. Kwa hiyo ndani ya programu hiyo hiyo utakutana na mtoto mchanga asiyeweza kukaa na mwanafunzi wa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi anayejifunza kutoa na kujumlisha. Anayedhani ameingia kusomea chekechea tu atashangaa muhula mzima ukiishia kwenye usingizi, kunyonya, na jinsi mtoto wa miezi 10 anavyomtafuta mlezi wake kwa macho.

Kozi inayodharauliwa

Dharau kwa elimu ya awali ni ya zamani. Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua kituo chake cha watoto wadogo mjini Bad Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akakipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Aliwatengenezea watoto mipira laini, michemraba na silinda za mbao ili wazichezee kwa mpangilio, kutoka umbo jepesi hadi umbo gumu. Wapita njia waliona mchezo. Serikali ya Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo, iliona zaidi ya mchezo: mwaka 1851 ilizipiga marufuku shule hizo, na marufuku ikadumu hadi mwaka 1860. Huwa napenda kumkumbusha habari hiyo mtu anayesema kwamba kucheza na watoto si kazi ya maana. Hakuna serikali inayohangaika kufunga kitu kisicho na maana.

Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa kimaskini wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, aliongeza jambo ambalo hadi leo ndilo uti wa mgongo wa kozi hizi: kutazama. Mwanafunzi wa chuo hupewa mtoto mmoja wa kumtazama na kuandika anachokiona, na anachokiona tu. Haruhusiwi kuandika "mtoto ana hasira". Anaandika kwamba mtoto alisukuma mchemraba mara mbili, akageukia ukuta, akakunja mikono. Linaonekana jepesi mpaka ulijaribu. Wengi wetu tumezoea kumhukumu mtoto kabla hatujamwangalia, na kozi hii hutumia wiki kadhaa kuivunja tabia hiyo.

Sababu ya ukali huo inaonekana vizuri katika jaribio moja maarufu. Panga vifungo sita katika mstari, kisha vifungo sita vingine katika mstari wa pili sambamba na wa kwanza. Muulize mtoto wa miaka 4 ni mstari upi wenye vifungo vingi. Atasema ni sawa. Sasa, mbele ya macho yake, vitawanye vifungo vya mstari wa pili ili uwe mrefu, bila kuongeza hata kimoja, kisha umuulize tena. Watoto wengi wa umri huo watakuonyesha ule mrefu. Jean Piaget wa Uswisi alitumia majaribio ya namna hiyo kueleza kwamba kabla ya takribani miaka 7 mtoto bado hajashika wazo kuwa idadi haibadiliki kwa sababu tu umbo limebadilika.

Kisa hakikuishia hapo. Katika miaka ya 1970, wanasaikolojia James McGarrigle na Margaret Donaldson walilirudia jaribio kwa hila kidogo. Safari hii aliyevuruga mstari hakuwa mtu mzima. Alikuwa dubu mtundu wa kuchezea, anayechomoza na kuharibu kila kitu. Watoto walipoulizwa baada ya utundu wa dubu, waliojibu sawasawa wakawa wengi zaidi. Donaldson alieleza hivi: mtu mzima anapopanga upya vifungo kwa makusudi halafu anarudia swali lile lile, mtoto hufikiri kwamba jibu la kwanza halikumridhisha, hivyo analibadilisha. Alikuwa anamsoma mtu mzima, si vifungo.

Tafakari hilo kwa mwalimu anayesimama mbele ya darasa na kuuliza "Mna uhakika?" Darasa zima hubadilisha jibu. Upendo kwa watoto hautakufundisha kuepuka kosa hilo. Ndiyo maana kauli kwamba anayependa watoto tayari ni nusu mwalimu inanikera kidogo. Upendo unahitajika, lakini anayependa wagonjwa hatumkabidhi kisu cha upasuaji.

Mwingine atakayetajwa sana ni Lev Vygotsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1896, mwaka ule ule wa Piaget, na kufariki mapema, mwaka 1934. Yeye alivutiwa na nafasi iliyopo kati ya kile ambacho mtoto anaweza kukifanya peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa. Mafundisho yenye faida hukaa katika nafasi hiyo. Chini yake mtoto anachoka kwa kurudia anachokijua. Juu yake anakata tamaa. Ona jinsi wazo hili linavyodai muda: ili kujua nafasi hiyo iko wapi kwa kila mtoto, lazima ukae naye. Tutalihitaji wazo hili tukifika kwenye uchumi.

Kuna uvumi mmoja wa kuuondoa kabla hatujaendelea. Ni kweli kwamba ubongo wa mtoto wa miaka 6 umeshafikia takribani asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kutokana na hilo watu wamerukia kusema kwamba mtoto asiyejua kusoma kabla ya umri huo ameshachelewa, na vituo vya kulipia vimelifanya tangazo. Ukubwa si ukomavu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu ana miaka ishirini na kitu. Miaka ya mwanzo ina uzito mkubwa, lakini si mlango unaofungwa kwa kufuli siku ya kuzaliwa ya sita.

Misingi ambayo wanafunzi huilalamikia

Misingi ya ualimu ndiyo kozi inayolalamikiwa kuliko zote, na mara nyingine kwa haki. Ikifundishwa vibaya huwa ni orodha ya marehemu na miaka yao, ya kukariri na kusahau. Kwa kawaida huchanganya falsafa ya elimu, historia yake, saikolojia ya kujifunza na sosholojia, yaani jinsi shule na jamii zinavyoathiriana. Wanafunzi huichanganya na mbinu za kufundishia, ambayo ni kozi nyingine. Mbinu zinakueleza namna ya kufundisha herufi kesho asubuhi. Misingi inakuuliza kwa nini umechagua herufi, kwa nini kesho, na kwa nini unadhani imeeleweka.

Ikifundishwa vizuri, huanzia kwenye uamuzi mdogo. Mtoto amemaliza kazi yake kabla ya wenzake. Umpe kazi ya ziada? Umwache acheze? Umtume amsaidie jirani yake? Kila jibu limebeba imani fulani kuhusu shule ni ya nini. John Dewey, aliyeanzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, aliamini mtoto hujifunza kwa kufanya kazi halisi na wenzake, ndiyo maana wanafunzi wake walipika na kufuma, na hesabu za vipimo zikaingia humo humo. Unaweza usikubaliane naye. Kozi hii inataka angalau ujue unapingana na nani.

Humo pia utakutana na ngazi za kufikiri za mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom za mwaka 1956, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2001 na kuwa kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Walimu hulazimika kuzitumia katika andalio la somo, kwa sababu ukiandika kwamba "mwanafunzi ataelewa" utaulizwa utajuaje kuwa ameelewa. Kosa la kawaida ni kuzichukua kama ngazi za nyumba, kwamba huwezi kufika juu bila kukanyaga kila kipago. Mtoto wa miaka 4 anayekueleza kwa nini mnara wake wa mbao umeanguka anachambua, na bado hajui kuandika jina lake.

Sehemu yenye faida kubwa, kwa maoni yangu, ni ile inayofuta imani zilizozoeleka. Karibu kila mtu ameambiwa kwamba kuna wanaojifunza kwa kuona, wengine kwa kusikia na wengine kwa kugusa, na kwamba mwalimu amfundishe kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia utafiti uliokuwepo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha kwa mgawanyo huo kunaleta matokeo bora. Watu wana mapendeleo, ndiyo, ila upendeleo si njia ya kujifunzia. Ukilinganisha na hilo, habari ya Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kusahau, imesimama hadi leo: tunasahau haraka mwanzoni, na marudio yaliyotawanywa kwa siku hushinda kukesha usiku mmoja. Mwanafunzi wa chuo anayelijua hilo ana faida kabla hata hajafundisha mtu.

Maadili ya kazi na ulinzi wa mtoto nayo huwekwa humu. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo hapa soma kitabu cha nchi utakayofundisha.

Sasa huo uchumi

Uchumi si elimu ya kutajirika, na wala si elimu ya fedha pekee. Ni somo la jinsi watu wanavyochagua pale ambapo kilichopo hakitoshelezi kila wanachotaka. Uchumi mdogo hutazama uchaguzi wa mtu, familia au taasisi moja, pamoja na bei, ugavi na mahitaji. Uchumi mpana hutazama nchi nzima: ajira, mfumuko wa bei, pato la taifa. Kozi ya kanuni za uchumi huanza karibu kila mahali na wazo la gharama ya fursa: gharama ya kitu ni kile bora zaidi ulichokiacha ili ukipate. Mwalimu akimpa mtoto mmoja nusu saa, hakuna pesa iliyotoka, lakini gharama ipo. Ni nusu saa ambayo wengine hawakuipata.

Mwanafunzi wa elimu huikuta kozi hii kwa njia tofauti, na hapa ndipo wengi hupotea. Wengine huisoma kama sehemu ya masomo ya jumla ambayo chuo kinamtaka kila mtu ayaguse. Wengine huisoma kwa sababu watakuja kulifundisha somo lenyewe katika shule za juu. Halafu kuna uchumi wa elimu, ambao huichukua shule yenyewe na kuuliza nani analipa, nani ananufaika na kiasi gani. Angalia umepewa upi kabla ya kulalamika au kufurahi.

Uchumi wa elimu una mizizi mirefu. Mwaka 1776 Adam Smith alimlinganisha mtu aliyesomeshwa kwa gharama kubwa na mashine ya bei ghali: hutarajiwa kazi yake irudishe kilichotumika. Katika karne ya 20 Theodore Schultz na Gary Becker walilijenga wazo hilo likawa nadharia ya mtaji wa watu, kwamba elimu huongeza uwezo wa mtu kuzalisha. Mwaka 1973 Michael Spence akaleta shaka yenye ladha: labda cheti hakiongezi uwezo, kinaonyesha tu mwajiri nani alikuwa nao tangu zamani. Wanauchumi bado wanabishana ni kiasi gani cha kila upande. Mtu anayetaka kusomea chochote atafaidika akijiuliza swali hilo hilo kuhusu programu anayoilipia.

Kwa watoto wadogo jina linalotajwa zaidi ni James Heckman, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000. Tuzo hiyo haikuhusu watoto. Ilihusu mbinu za takwimu za kushughulikia tatizo la kulinganisha makundi yaliyojichagua yenyewe, na tatizo hilo ndilo linaloisumbua elimu ya awali. Ukilinganisha watoto waliopita chekechea na wasiopita, huenda unalinganisha wazazi wao.

Njia ya kulikwepa ni kuwagawa watoto kwa bahati nasibu. Hilo lilifanyika katika mradi wa chekechea wa Perry, mjini Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, kati ya mwaka 1962 na 1967. Watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa: 58 wakapata mafunzo ya awali, 65 hawakupata, na wote wakafuatiliwa hadi utu uzima. Waliopata mafunzo walimaliza shule kwa wingi zaidi, walipata kipato zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Mwaka 2010 Heckman na wenzake walikadiria kwamba faida kwa jamii ilikuwa kati ya asilimia 7 na 10 kwa mwaka.

Takwimu hiyo imevurugwa kuliko nyingine yoyote katika mjadala huu. Utasikia ikisemwa kwamba ukiweka moja kwenye elimu ya awali utavuna saba. Asilimia 7 kwa mwaka ni jambo jingine kabisa na mara saba. Fedha inayokua kwa asilimia 7 kila mwaka huwa maradufu baada ya miaka 10 hivi, na ukiiacha miaka 30 itakuwa karibu mara nane. Hesabu za mara ngapi zipo pia, zimefanywa na wengine kwa njia nyingine, lakini ukizichanganya mbili hizo hujui tena unasema nini. Hii ndiyo faida ya kwanza ya mwalimu kupita kozi ya uchumi: hadanganywi na kipeperushi.

Faida ya pili ni kuuliza ni elimu ya awali ipi. Walimu wa Perry walikuwa na mafunzo ya ualimu, kila mmoja akiwa na watoto watano au sita, na waliitembelea kila familia nyumbani mara moja kwa wiki. Linganisha na utafiti uliofanywa katika jimbo la Tennessee, uliofuatilia karibu watoto 3,000 walioomba nafasi katika mpango wa serikali wa elimu ya awali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kufikia darasa la sita, waliopata nafasi walikuwa nyuma kidogo ya waliokosa. Nyuma, si mbele. Waliotarajia kila chekechea ilete matunda ya Perry walikosa la kusema. Lakini hakuna ukinzani. "Elimu ya awali" si dawa moja yenye kipimo kimoja, na mtu aliyeisoma ile kozi ya kwanza anajua kwamba kinachotokea kati ya mtu mzima na mtoto ndicho chenye uzito; jina lililoandikwa getini halitoshi.

Kuna fumbo jingine ambalo uchumi hulieleza vizuri. Wazazi kila mahali hulalamika kwamba malezi ya watoto wadogo ni ghali. Walezi nao hulalamika kwamba wanalipwa kidogo. Nani basi anayebaki na faida? Mara nyingi, hakuna. Wanauchumi William Baumol na William Bowen, mwaka 1966, walieleza tatizo la aina hii wakitumia wanamuziki: kundi la watu wanne wanaopiga muziki wa karne ya 18 huhitaji leo watu wale wale wanne na dakika zile zile. Kiwandani mashine zimeongeza uzalishaji wa kila mfanyakazi, na mishahara ikapanda. Kazi zisizoweza kuharakishwa hulazimika kupandisha malipo angalau kidogo ili zisikimbiwe, ilhali kasi yake ni ile ile. Hivyo gharama yake hupanda mwaka hadi mwaka. Kumlisha mtoto mchanga, kumbadilisha nepi na kuzungumza naye hakuharakishwi. Karibu gharama yote ya kituo ni mishahara, na mlezi mmoja hawezi kubeba watoto wachanga kumi. Mzazi kijana, aliye mwanzoni mwa kazi, analipia bei hiyo katika miaka ambayo kipato chake kiko chini, wala hawezi kukopa kwa dhamana ya mshahara atakaoupata mwanawe miaka 20 ijayo. Kwa kuwa sehemu ya faida humwangukia kila mtu, si mzazi peke yake, wanauchumi wengi huona hapo sababu ya fedha za umma kuingia.

Pale zinapogongana

Turudi kwa watoto wengi na mtu mzima mmoja. Kozi ya makuzi itakuambia darasa liwe dogo, ili kila mtoto apate muda wake. Ushahidi upo: jaribio la STAR la Tennessee, kuanzia mwaka 1985 hadi 1989, liliwagawa wanafunzi wa chekechea hadi darasa la tatu katika madarasa ya watoto 13 hadi 17 na mengine ya 22 hadi 25, na waliokuwa katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu. Inaonekana kazi imekwisha: punguza idadi.

California ilifanya hivyo. Mwaka 1996 jimbo hilo lilianza kuzilipa shule fedha za ziada zikipunguza madarasa ya chini hadi wanafunzi 20. Kwa kufumba na kufumbua, jimbo zima likahitaji maelfu ya walimu ambao hawakuwepo. Mahitaji yaliruka, ugavi ukabaki pale pale, kwa sababu mwalimu hafinyangwi kwa mwezi mmoja. Shule ziliajiri wasiokamilisha sifa, na nafasi mpya zilipofunguka katika maeneo yenye nafuu, walimu wazoefu walihama kutoka shule za watoto maskini kuzifuata. Darasa likawa dogo, mwalimu akawa mgeni. Mpango uliosimama juu ya saikolojia sahihi ulikwamia kwenye sura ya pili ya kitabu cha uchumi. Na hao walioajiriwa haraka, walichokosa ndicho hasa kinachofundishwa katika ile misingi ya kulalamikiwa: kuandaa somo, kupima uelewa, kujua unafanya nini mtoto anapomaliza kabla ya wenzake.

Kwa anayechagua sasa, basi, usome maelezo ya kozi na usitegemee jina lake. Hofu ya hesabu isikufanye uzikimbie kanuni za uchumi. Katika ngazi ya kuingilia, asilimia, michoro ya mistari na milinganyo rahisi kwa kawaida hutosha, ingawa anayetaka kuufanya uchumi kuwa taaluma yake atakutana na kalkulasi na takwimu nzito. Ukitarajia kuhamia chuo kingine baadaye, uliza mapema krediti zipi zitapokelewa, maana kozi mbili zenye jina moja si lazima zipokelewe sawa. Kwa elimu ya awali, tafuta saa za kutazama watoto na mazoezi ya kufundisha zimewekwa wapi. Programu inayokuficha darasa hadi muhula wa mwisho inakuacha ugundue umechelewa kwamba kazi hii si yako. Uliza pia msimamizi huja kukuona ukifundisha mara ngapi, na kama yeye mwenyewe aliwahi kufundisha watoto wa umri huo.